Kwa Baba, Fundi Breki Aliyetaja Kila Alichokiona

Ni mwaka mmoja sasa tangu gari letu linyamaze, Baba. Mama amenikabidhi kalamu mimi, kifungua mimba wako, na anajua kwa nini.

Wengi wanaosoma tangazo hili walikufahamu kwa jina la Redio. Siku sita za wiki ulikuwa fundi breki. Jumapili ya mwisho wa mwezi ulikuwa mwalimu wa klabu ya magari, kwenye kile kiwanja cha ndege kisichotumika tena. Vijana walikuja na magari yaliyong'arishwa, wakitaka mwendo. Wewe uliketi kando yao, kofia ngumu kichwani, ukawaambia hawatakimbia mpaka wajifunze kusema. "Taja unachokiona. Koni. Breki. Kona. Njia nyeupe." Aliyesahau kutaja alirudishwa mwanzo, hata angekuwa daktari bingwa, na mmoja alikuwa daktari bingwa kweli. "Mdomo ukitaja, jicho halisinzii," ulimwambia, naye akaanza upya kama mtoto wa chekechea.

Barabarani ulikuwa vilevile. Ukitupeleka shule, tulisikia: "Baiskeli inayumba. Mama na ndoo. Mbuzi, na huyu hana leseni." Mdogo wangu alikuwa akijificha chini ya kiti tukiwapita wenzake, maana vioo vyako vilikuwa wazi na mdomo nao wazi. Mezani tulikulipizia. "Chumvi kulia, Baba. Mchuzi mbele," Mama ndiye aliyekuwa akianza. Hukukasirika hata siku moja. Ulisogeza chumvi ukisema, "Imeonekana."

Breki za mwalimu jirani yetu ulizikagua kila mwezi bila kuombwa, ukilala chini ya gari lake na shati jeupe, halafu Mama ahangaike na sabuni.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema msibani.

Jumapili ile tuliondoka klabu saa kumi alasiri. Nilikuwa nimeshinda juani nikikupangia koni, kichwa kinaniuma. Nilikuambia, "Baba, leo zima redio. Nataka kulala." Ukacheka. "Imezimwa, bosi." Ukafunga mdomo kwa sababu mwanao alikuomba.

Niliamshwa na kishindo. Trela bovu lilikuwa limeachwa kwenye kona ya kiwanda cha matofali bila alama yoyote, hata tawi la mti. Najua uliliona mwishoni, kwa kuwa ulikata usukani, upande wako ndio uliogonga. Mimi nilitoka na mkwaruzo mkononi.

Watu walisema ulisinzia. Wanaklabu wakabisha: "Redio asinzie?" Mama aliwauliza wageni, mmoja baada ya mwingine, "Mtu aliyeona hata paka chini ya gari la watu, alikosaje kuona trela?" Kila alipouliza, mimi niliinuka kwenda jikoni kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimembeba mgongoni mwaka mzima, na sikumwonyesha mtu.

Wiki mbili zilizopita, tukikunja nguo, nilimwambia Mama. Alilikunja shuka alilolishika mpaka mwisho, akaliweka juu ya mengine. Hakuniambia kwamba si kosa langu. Alisema, "Mimi tangu siku ile sijapanda gari. Jumapili utanipeleka kaburini. Na utataja kila kitu."

Jumapili ilipofika alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani. Nilitaja. Pikipiki. Tuta. Watoto na mpira. Mzee anavuka, hana haraka. Tulipokaribia kona ya kiwanda nilipunguza mwendo, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Ndipo nikamsikia nyuma yangu, kwa maneno yako, yeye aliyekutania kuliko sisi sote:

"Kona. Kushoto hakuna kitu. Mbele njia nyeupe. Twende, mwanangu."

Nisamehe, Baba. Nilitaka usingizi wa dakika ishirini tu.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa anapanda gari. Na mwanao wa pili, asiyejificha tena chini ya kiti. Na dada yako mshonaji, mafundi wenzako wa gereji, mwalimu jirani yetu na wanaklabu wote uliowarudisha mwanzo. Na mimi, niliyekunyamazisha.

Daima tutakukumbuka, kwa sauti, kila kona.