Viwavi Wanaoning'inia Shambani kwa Shangazi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Nawaamkia pia nyote mliokusanyika hapo nyumbani Kolandoto kusikiliza barua hii. Goti la Mama limepata nafuu? Mimi ni mzima, ingawa huku ugenini baridi imekuwa kali hata ng'ombe wamefungiwa ndani.

Mdogo wangu Masanja, anayewasomea sasa, alinipigia simu kutoka Ngokolo. Alinieleza kuwa viwavijeshi wameumaliza mtama wetu kule mlimani, lakini bondeni kwa Shangazi Kabula wamepanda hadi ncha za majani na kufa wakining'inia.

"Dada, wameinamisha vichwa kama wanaosikiliza ardhi," aliniambia.

Alisema pia kwamba mnataka kumfukuza Shangazi, kwa madai kuwa ni mchawi: viwavi wa kwake amewanyonga na wengine amewatuma kwenu.

Kabla hamjamtoa, nisikilizeni. Kazi yangu huku, katika maabara, ni kuwalisha viwavi majani yenye virusi, kisha kuwaweka katika makabati matatu yenye joto tofauti. Kwenye baridi, ugonjwa hujikokota. Kwenye joto kali, wengi huendelea kula kana kwamba hawakuambukizwa. Lakini kwenye uvuguvugu, nikifungua mlango asubuhi nawakuta juu kabisa, vichwa chini, kimya. Ukimgusa mmoja, ngozi hupasuka na mwili hutiririka kama uji mweusi. Uji huo ukidondokea jani, mwingine hulila, naye huanza kupanda. Kazi nimeizoea; kuufungua mlango ule, bado.

Mlimani kwetu mawe huwaka mchana kutwa. Bondeni kwa Shangazi kuna kivuli na unyevu. Sijapima mashamba hayo, hivyo siwezi kuapa, lakini naamini tofauti ni hiyo.

Baba, huyo ni dada yako, aliyenibeba mgongoni hadi hospitali nilipougua surua. Kama kuwapandisha viwavi wakafie juu ni uchawi, basi mchawi ni mimi mwanao, maana nafanya hivyo kila siku kwa kuzungusha kitufe cha joto. Anayetaka kumfukuza Shangazi aanze kwa kukibomoa chumba changu hapo nyumbani.

Nisalimieni mke wa Masanja na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Shangazi najua mmemwacha nje, uani. Mwiteni, mpeni kiti katikati yenu, kisha Masanja aisome barua hii upya tangu mwanzo.

Binti yenu,
Minza