Farasi Mwenye F

Ijumaa, alasiri. Mawingu yametanda upande wa Kamanga tangu asubuhi. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Na mimi niko hivyo hivyo.

Kulwa na Doto wamelala. Mapacha wakilala wote kwa pamoja ndiyo napata nafasi ya kuandika, kwa hiyo mnisamehe nikikatisha.

Kesho kuna mbio kubwa za farasi huko Ulaya. Sijawahi kumwona farasi kwa macho yangu, punda ndio nawajua. Lakini tangu jana nyumba nzima ni farasi tu, kwa sababu mume wangu anataka kubeti, na anataka mimi ndiye nichague. Anasema mama wa mapacha ana mkono wa bahati. Pesa anayotaka kuweka ni mtaji wangu wa dagaa, ule nilioutunza tangu nina mimba ili watoto wakichangamka nirudi sokoni Mwaloni kufanya biashara.

Si mtu mbaya, Baba Kulwa. Mtumbwi aliokuwa anavulia umeharibika injini, mwenye mtumbwi yuko kimya, na kukaa nyumbani kunamla taratibu. Ameniomba kwa upole. Angenifokea ningejua la kujibu.

Jana shemeji Masanja, mdogo wake, alikuja na simu kutufundisha. Nikaona farasi mmoja ameandikiwa thelathini na nne, mwingine mbili na nusu. Nikasema basi huyu wa thelathini na nne ndiye kinara wao. Masanja alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, hizo siyo alama za mtihani! Hizo ni odi. Ikiwa kubwa ujue hakuna anayemwamini, ndiyo maana akishinda inalipa zaidi."

Kisha akasema kila farasi anabebeshwa uzito, na aliye hodari anaongezewa ili wenzake wamfikie. Nikasema, kumbe hata huko mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Halafu nikauliza: kama wameshawasawazisha hivyo, sisi tunapima nini?

Wakatazamana. Masanja akaendelea kushusha orodha ya farasi kwenye simu.

Niliyempenda ni jike moja la kijivu. Jina lake Masanja alilitafsiri, Mvua ya Jumapili. Pembeni ya jina wameandika mbio zake zilizopita: mbili, moja, halafu F, halafu nne. Masanja akasema achana naye huyo, ana F, amefeli. Baba Kulwa naye akaafiki. Mimi shule niliishia kidato cha pili na F zangu, nikahisi kama ninasemwa mimi. Inauma, hata kama ni farasi.

Leo walipotoka nikaitafuta ile F kwenye simu yangu. Kumbe si kufeli. Ni kwamba alianguka wakati anaruka kizuizi. Na baada ya kuanguka akakimbia mbio nyingine, akawa wa nne!

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi.

Kwa sababu sasa namtaka. Nimejikuta napiga hesabu ya odi yake, naona cherehani, naona injini mpya, naona Baba Kulwa anacheka. Mimi, ambaye jana sikutaka hata kusikia habari za kubeti!

Nimempenda kwa sababu atashinda, au kwa sababu aliinuka?

Sijui. Kusema kweli sijui. Ninachojua ni kwamba jana tulikaa watu wazima watatu tukimhukumu farasi kwa herufi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Na herufi nyingine zimejaa pale, wala sijaziuliza.

Baba Kulwa amerudi. Anaita kutoka uani, "Mama Kulwa, mkono wa bahati umesemaje?" Anaita kwa ile sauti ya enzi za uchumba, ndiyo inayonimaliza.

Ngoja niende. Nitamwambia F maana yake nini, na nitamwambia farasi wangu ni Mvua ya Jumapili. Kesho tutamwangalia pamoja kwenye simu, na vigelegele nitampigia. Ila mtaji wangu haumpandi. Akishinda nitaumia, najua, na Baba Kulwa atanikumbusha mpaka tuzeeke.

Na aninunie tu. Jumatatu naenda Mwaloni, Kulwa mgongoni. Doto atabaki na baba yake.