Shimo la Sileji

Kanyakine,
14 Desemba

Mpendwa Baba,

Sote tu wazima, na maharagwe tumeshayavuna. Nakuandikia huko Isiolo kwa sababu simu yako haipatikani tangu Oktoba.

Mama alitaka kumuuza ng'ombe wetu. Jirani yetu Muthamia alipima shimo la sileji, yale majani tuliyomfukia ng'ombe ayale wakati wa kiangazi, kwenye ncha nyembamba tu, pale mwamba ulipokuzuia kuchimba, akasema chakula kitaisha Februari. Lakini kabla hatujalijaza, nilikuwa nimelipima kila baada ya nusu mita. Mwalimu alitufundisha kukata umbo kama mkate: unatafuta eneo la kila kipande, unalizidisha kwa unene wake, na vipande vikiwa vyembamba sana, jumla yake ndiyo ujazo wenyewe. Nilipata mita sita za ujazo, si nne alizopata Muthamia. Chakula kitafika Aprili, mvua ikiwa imerudi.

"Na ng'ombe anazijua hizo hesabu?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Yeye atazila tu."

Alicheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Mnunuzi alipokuja Jumamosi, Mama alimwambia aende zake na kamba yake.

Kwa hivyo ukirudi, Baba, utapata chai ya maziwa.

Binti yako,
Kinya