Dawa za Madaktari Wawili

Mama,

Mpunga tumevuna. Shangazi anafagia kaburi lako kila Jumapili akitoka kanisani, kisha ananipigia simu kuniambia umependeza.

Nikuambie kweli, nina hasira nawe. Adabu yako ndiyo iliyokuua. Huko kwetu Ngonga mgeni akipita nyumba tatu anakula katika zote tatu, wala hathubutu kumwambia mwenyeji kwamba ameshashiba kwa jirani. Nawe ukaipeleka adabu hiyo hospitali. Daktari wa figo akikuuliza kama una dawa nyingine, unasema hakuna. Daktari wa mifupa akikupa vidonge vya magoti, unapokea kwa mikono miwili na kushukuru: "Ndaga fijo, dokta." Kumbe vidonge hivyo vilikuwa vinazimaliza figo ambazo mwenzake alikuwa anahangaika kuziokoa. Walikuwa jengo moja, Mama, mlango kwa mlango. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ulizoea kuwaambia majirani kwamba kazi yangu ni kubonyezabonyeza kompyuta. Basi sasa nabonyeza kwa ajili yako. Mimi na wenzangu tunatengeneza mfumo: daktari mmoja akiandika dawa, wote wanaomtibu mgonjwa huyo wanaiona kwenye simu zao. Ikiwa dawa itamdhuru, onyo linatokea, na haitolewi mpaka wazungumze. Wenzangu walitaka tutegemee kumuuliza mgonjwa. Nikawaambia akina mama wa kwetu Kyela watajibu hakuna, tena kwa tabasamu.

Madaktari wengine hawaupendi. Mmoja anataka tuweke kitufe cha kulizima onyo, eti yeye si mwanafunzi wa kuomba ruhusa kwa mwenzake. Wakubwa wangu wanaelekea kumkubalia.

Juzi tulikuwa tunaujaribu. Nikaingiza ugonjwa wako na dawa zako, bila kusema ni za nani. Onyo likatokea papo hapo, jekundu. Wenzangu wakapiga makofi, wakakumbatiana. Mimi nikatoka, nikakaa kwenye ngazi, nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Kumbe ilikuwa kazi rahisi hivyo.

Kwaheri, Mama. Kitufe kile sitakiweka, hata wakinifukuza kazi, hilo nakuahidi. Watapona mama za watu, na watu watanishukuru. Lakini usinikemee kwa hili nitakalosema: natamani angetangulia kufa mama wa mtu mwingine, nijifunze kwake, wewe nikuwahi.

Mwanao.