Uzamili, Baba, Si Uzamivu

Baba,

Nimeketi jikoni kwetu hapa Malava, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike sina haja ya kukwepa macho ya mtu. Ulikuwa ukisema mimi huzunguka sana kabla ya kufika. Leo sizunguki. Nilikudanganya.

Unakumbuka ile siku wodini Kakamega? Nilikuja na barua ya chuo, nikakuinamia, nikakwambia, "Baba, nimepata nafasi ya uzamili." Mashine za kiwanda cha sukari zilikuwa zimeshayala masikio yako. Ukasikia uzamivu. Wewe, ambaye asubuhi hiyo ulishindwa hata kuinua kikombe, ukajiinua kitandani ukamwambia mzee wa kitanda cha pili, "Unaona huyu musichana wangu? Anaenda kuwa dakitari ya farsafa!" Mzee akauliza huo ni ugonjwa gani. Tukacheka wote watatu. Siku nne baadaye ukatuacha.

Mungu anajua nilitaka kukurekebisha. Si ndiyo ilikuwa kazi yangu? Ulikuwa ukiokota neno kwenye taarifa ya habari, unalileta mezani limevunjika mguu, mimi nalinyoosha, nawe unasema, "Asante, mwalimu," bila kinyongo. Siku ile moja tu ndiyo nilinyamaza. Uso wako ulikuwa umeng'aa, Baba. Ningeanzia wapi kukwambia kwamba udaktari bado uko mbali, kwamba kwanza kuna shahada ya katikati, ndiyo huo uzamili, na kwamba hata hiyo sina hakika nitaiweza?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirefuka. Kwenye mazishi mchungaji alisoma kwamba umeacha binti "anayesomea uzamivu", na watu wakapiga makofi. Tangu hapo kijiji kizima kinaniita Dakitari. Juzi jirani yetu Mama Nekesa alinisimamisha njiani, mjukuu mgongoni: "Dakitari, hii kikohozi haiishangi. Angalia tu kidogo." Nikamwelekeza zahanati, nikaenda zangu nikicheka, kisha nikalia.

Masomo yenyewe ni magumu. Nimepanga chumba Lurambi, karibu na chuo. Mhadhiri wangu, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, aliniambia nisiukimbilie udaktari. Kwanza nijifunze kusoma ukurasa mmoja kwa wiki nzima. Nilikasirika. Halafu nikakukumbuka shambani, ukiturudisha kwenye mistari ya mahindi tuliyokwisha kuipalilia, eti magugu hayajui kwamba tumechoka. Sasa nasoma ukurasa wangu mmoja. Nimeupenda, hata siwezi kukueleza.

Mwezi uliopita mhadhiri alitupa swali la insha: je, kunyamaza ni kudanganya? Niliandika kuhusu mgonjwa fulani na binti yake, nikajifanya nimewabuni. Nikasifiwa. Nikaenda chooni nikajifungia nikakulilia kama mtoto.

Basi jana tulikujengea kaburi. Saruji ilikuwa bado mbichi, na Mama alikuwa amempa fundi maneno ya kuandika: jina lako, na chini yake BABA WA DAKTARI. Alitaka iwe zawadi yangu kwako. Fundi alikuwa na msumari mkononi, ameshaandika BABA WA, nikasikia sauti yangu ikipiga kelele, "Fundi, ngoja!"

Nikasema yote papo hapo, mbele ya fundi. Uzamili si uzamivu. Baba alisikia vibaya nami nikamwacha afe hivyo. Mama akasema, "Baba yako alikuwa anakosanga maneno ya redio kila siku, na wewe unamrekebishanga. Sasa hii moja ilikushinda aje?"

Nikamwambia niliionea huruma furaha yako.

Akanishika mkono. Sikuona hasira usoni mwake, Baba, nilitafuta sana nisiione. Akamgeukia fundi: "Hapo wacha hivyo. Usiongeze kitu."

"Lakini Mama, itaonekana ni kama haijaisha," fundi akasema.

"Haijaisha," Mama akasema.

Kwa hiyo juu yako pameandikwa jina lako, kisha BABA WA, halafu patupu. Majirani watasema fundi alilewa. Waseme. Mbele yangu kuna miaka miwili ya uzamili, na baada yake, nikikubaliwa, mingine mingi ya huo uzamivu ulioufurahia kabla ya wakati wake. Siahidi kwamba nitafika, maana sitaki kukudanganya mara ya pili. Ninachoahidi ni kwamba kila hatua nitakuja kukutajia jina lake halisi, hata likiwa dogo. Na siku nitakayojua neno la kuweka pale, nitaliandika kwa mkono wangu.

Pumzika sasa, Baba.

Binti yako,
Nafula