Mkono Nilioukataa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mwaka wa ishirini na tisa tangu nitoke Uvira. Louisville, Columbus, sasa Buffalo, zote za Marekani. Zaburi, dawa ya presha, chai ya maziwa. Kisha nimempelekea binti yangu Neema uji kwenye lango la kiwanda cha nyama. Wamegoma, yeye na wenzake kazini, wiki ya pili sasa.

Langoni vijana wamesimama safu moja. Fulana za kijivu, bendera. Nikadhani ndio wagomaji. Kwetu hupiti mbele ya watu bila kumpa kila mmoja mkono. Nikawapa wote. Walicheka. Mmoja akapiga picha.

Neema akaja mbio kutoka ng'ambo ya barabara. "Papa! Bale habako benzetu. Ni bale baliandika ku mulango ya kanisa."

Si wagomaji, basi. Walichoandika kwenye mlango wa kanisa letu nakijua. Rudini kwenu.

Jumatano, 5 Novemba

Picha imesambaa. Chini yake wale vijana wameandika kwamba wakimbizi wako upande wao, wanataka mgomo uvunjwe. Leo kwenye pipa la moto wanapoota wagomaji hakuna aliyemsogezea Neema kahawa. Naona aibu. Na hasira.

Ijumaa, 7 Novemba

Fulana za kijivu zimeongezeka. Uvira pia ilianza hivyo: vijana, nyimbo, neno "kwenu". Majirani wakanyamaza. Nimesoma mengi juu ya Italia na Ujerumani ya zamani. Sikuhitaji kusoma.

Mdogo wangu Yosefu amepiga simu kutoka Jeffersontown, kando ya Louisville. "Bon, kaka, mufunge mizigo. Huku banaajiri." Neema anasema akiondoka sasa, ile picha itakuwa kweli. Hakula.

Jumamosi, 8 Novemba

Koti la kanisani. Langoni.

"Babu! Rafiki yetu!" Yule wa picha, mkono mbele.

Niliutazama. Nikatia wangu mfukoni. Maisha yangu yote sijaacha mkono wa mtu hewani. Kicheko kikakatika. Akatema mate karibu na kiatu changu. "Rudi kwenu, mzee."

Nikavuka barabara. Nikawapa wagomaji mkono, mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Neema. Mama mmoja akamsogezea kahawa.

Simu zilikuwa zinapiga picha pande zote mbili.

Jumapili, 9 Novemba

Theluji. Dirisha la mbele limevunjwa kwa jiwe. Neema ameziba kwa katoni, akarudi langoni. Mgomo unaendelea. Nimemjibu Yosefu.

Louisville sitarudi. Uvira pia sitarudi.