Sweta Juu ya Fulana Nyeupe

Arua, Jumapili baada ya misa

Kwako Baba,

Jambo sana, na jambo kwa Mama na wadogo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti, si umesimama dukani. Mimi ni mzima. Shangazi Monique naye ni mzima, ila miguu inamvimba kwa kusimama sokoni tangu asubuhi. Je, bega lako? Na kikohozi cha Mama kimemwachia?

Nimejaribu kukuambia kwa simu mara tatu. Ukisema alo, mimi nauliza bei ya vitunguu. Unanijua: hata darasani jibu huwa ninalo, mdomo ndio haufunguki. Kifaransa nilifundishwa huko Aru, Kiingereza nimefundishwa hapa, lakini habari hii imekataa kutoka kwa lugha zote mbili, basi naiandika kwa hii yetu ya nyumbani. Samehe mwandiko. Tangu Jumamosi ya wiki iliyopita naandika na kuchana.

La kwanza, Baba, nacheza mieleka. Ni mwaka sasa. Shangazi ndiye aliyesema usiambiwe, kwa kuwa mtu akitaja mieleka mbele yako, unachukua kofia na kutoka nje.

Anayetufundisha ni mzee mmoja Mnubi wa Koboko, jina lake Swaka. Zamani aliogopwa kote huku. Sokoni bado wanamwita Fahali, kwa ajili ya fahali aliyepewa siku aliposhinda fainali. Yeye hapendi. Huwajibu kwamba fahali mwenyewe aliliwa siku ileile, sasa wao wanadai supu gani. Uwanja wetu ni udongo mtupu, tunaulima kwa jembe mpaka uwe laini, na yeye hulima pamoja nasi.

Ana sheria moja kubwa kuliko zote. Lazima kila mtu avae fulana nyeupe, hata kama Shangazi analalamikia sabuni. Mkimaliza kupambana anasema, “Geuka,” nanyi wawili mnampa mgongo. Ukikutwa na udongo mwekundu umeanguka, hata kama refa hakuona. Kisha mshindi anampangusa mwenzake mgongo kwa kiganja chake mwenyewe. Kujipangusa ni mwiko. Mwaka mzima tuliona ni tabia za wazee tu.

Jumamosi hiyo tulikwenda Koboko, achaguliwe msichana mmoja wa kwenda kushindana Kampala. Nilipangiwa Shamim wa Lobule, ambaye kila siku hupanda baiskeli na gunia la mihogo nyuma. Shingo yake ni kama nguzo. Alinitazama nilivyoinamisha kichwa, akaniuliza kama nimekuja kupambana au kuungama dhambi. Filimbi ikalia, tukashikana, na mwisho refa akainua mkono wangu. Watu walipokuwa wakinishangilia nikavaa sweta langu la shule, kama desturi yangu nikitazamwa na wengi, kisha nikampangusa Shamim mgongo. Kocha Swaka akaja. Akatazama lile sweta. Hakusema geuka.

Mchana tukala posho na maharage kando ya ukuta wa msikiti. Kocha hakugusa sahani. Akaanza kusema, huku anatazama chini, kwamba ana neno ambalo amelibeba miaka zaidi ya ishirini na mitano.

Alisema fainali yake ilikuwa hapohapo Koboko, sikukuu ya Idi, na mpinzani wake alikuwa kijana wa Kongo, mbeba mizigo wa mpakani Vurra, aliyekuja peke yake bila hata ndugu mmoja wa kumshangilia. Yule kijana alimwinua na kumbwaga. Mgongo wa Swaka ukagusa chini wote. Lakini vumbi lilikuwa jingi, refa alikuwa upande wa pili, na kabla hajafika, rafiki zake Swaka walimvamia kwa vigelegele, wakamvika kanzu mpya juu ya udongo. Refa akaona kanzu safi. Akampa ushindi. Yule Mkongo hakubishana na mtu. Alichukua shati lake, akashika njia. Fahali akachinjwa, na Swaka alisema hakuionja ile nyama mbele ya watu wote wanaomsifu. Hakupambana tena. Miaka mingi baadaye alikwenda kupakia malori Vurra kusudi amtafute yule mtu, lakini kila alipoonyeshwa duka lake ng'ambo, alirudi kwenye malori. Ndipo akaanza kukusanya watoto, awafundishe kugeuka.

Hadijah mwenzetu akauliza huyo Mkongo aliitwa nani. Kocha akasema, Zéphyrin.

Baba, sahani ilinitoka mkononi. Kwenye karatasi ya klabu niliandika jina la Mama badala ya lako, hivyo hakuna aliyejua. Nikasikia sauti yako. Kila tunapopata taabu, mizigo ikizuiwa mpakani, Mama akilia, wewe husema, “Mgongo wangu haukugusa chini.” Sisi tulidhani ni methali ya watu wa mizigo. Na Koboko hukanyagi, eti jua lake linakuumiza kichwa.

Sasa nikuambie lililo zito zaidi. Kabla sijambwaga Shamim, yeye alinibwaga kwanza. Mgongo wangu uligusa. Nilihisi ubaridi wa udongo kupita kwenye fulana. Refa alikuwa nyuma ya Shamim, hakuona, nami nikajipindua nikamlaza. Lile sweta sikulivaa kwa haya, Baba. Nililivaa kwa kuwa wote wananijua mimi ni mtu wa haya, na hakuna mwanamume ambaye angemwambia msichana avue. Nikampangusa Shamim huku mgongo wangu mwenyewe una udongo. Ulichotendewa wewe, mimi binti yako nilimtendea mwenzangu, palepale.

Fulana sikuifua. Juzi Ijumaa nikaivaa kwenda mazoezini. Kocha alifika kutoka msikitini, bado ana kanzu. Nikavua sweta mbele ya wote, nikageuka bila kuambiwa. Kocha akasema tu kwamba Shamim ndiye atakwenda Kampala, na kwamba nitakwenda Lobule kumwambia kwa mdomo wangu. Ndipo mdomo ukafunguka nikiwa bado nimempa mgongo. Nikamwambia baba yangu ni nani.

Nilipogeuka alikuwa anakaa chini polepole, mzee mzima, kisha akalala chali kwenye udongo tuliolima, na kanzu yake. Akanyoosha mikono. Alipoinuka, Hadijah alitaka kumpangusa, akamzuia.

“Zéphyrin iko hai?” akaniuliza.

Nikaitika.

“Mwambie mgongo yangu iligusa. Ye ndiye atapangusa.”

Akatoka hivyo, akapita katikati ya soko lote na ule wekundu mgongoni.

Alhamisi atakuja Vurra na hiyo kanzu, hajaifua, atasimama pale malori yanaposubiri kukaguliwa. Anasema usipotokea hatakulaumu. Mimi nitakuwa naye, na mgongo wangu nao unakungoja, kwa kiganja au kwa fimbo, utakavyoona.

Shangazi anakusalimu. Msalimie Mama, umwambie vitunguu vya huku vimepanda. Barua hii namkabidhi Ulrich dereva, nimemwapisha asiifungue.

Ni mimi binti yako,
Daniella